Bi Hatua na Swali la Ishirini na Mbili

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, mwalimu wetu wa hesabu anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha masomo ya ziada kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Wanafunzi humwita Bi Hatua. Wazazi humwita Bi Hatua. Mwenye duka la vifaa vya umeme hapo chini, ambaye hajawahi kufundishwa naye hata kujumlisha, naye humwita Bi Hatua, na akimwandikia risiti huandika hivyo hivyo.

Jina lilitokana na kalamu yake ya kijani. Mtoto akiandika jibu peke yake, hata likiwa sahihi, pembeni atakuta neno moja na alama ya kuuliza: "Hatua?" Maana yake, umefikaje hapo? Kuna mtoto aliwahi kumjibu kwa maandishi kwamba amefika kwa miguu. Bi Hatua alimpa nusu alama ya ucheshi, kisha akamrudisha kwenye dawati afanye upya.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye mkuu wa idara ya hesabu, na kwa sababu mkurugenzi anaamini nina mkono mwepesi wa kuandika. Nimepewa kurasa tatu za kijitabu cha sherehe, ambazo mshereheshaji atazisoma ukumbini, na sharti moja: nichangamshe watu, nisichokonoe mambo ya lile Jaribio Kuu la miaka kumi na mitatu iliyopita. Watu wamesahau, alisema mkurugenzi, ya nini kufukua? Nikaitikia kwa kichwa. Sasa nimekaa mbele ya kompyuta na nimekwama, maana siwezi kusimulia kazi ya mama huyu nikaliruka jambo hilo. Ndilo lililomvua cheo na kumchafulia jina, na hakustahili. Nitalisema, lakini kwa zamu yake. Yeye mwenyewe hapendi mtu anayekimbilia jibu.

Alianza kazi kituo kikiwa na vyumba vitatu na ubao mmoja, ambao walimu wawili waliubeba kutoka chumba hadi chumba. Aliajiriwa kwa muhula mmoja tu, ashike nafasi ya mwalimu aliyekwenda kujifungua. Mwalimu yule alijifungua pacha, akaona darasa la nyumbani linamtosha, hakurudi. Bi Hatua akabaki. Leo tuna vyumba tisa, na mbao za kutosha, na bado yeye ndiye anayejua ufunguo upi unafungua kabati lipi.

Wakati ule ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi. Kinyozi alipohama wakaingia wenzetu, wakafungua kituo cha masomo ya ziada kama chetu, wakatundika bango lenye picha za watoto wao kumi waliofaulu. Wiki iliyofuata tukatundika la watoto kumi na wawili. Wao wakaweka ishirini. Ikafika mahali picha ya mtoto mmoja ikawa kwenye mabango yote mawili, maana alisoma kwetu asubuhi na kwao jioni, na hakuna kituo kilichokubali kumshusha.

Mwaka mmoja mkurugenzi alimtuma Bi Hatua avuke barabara, ajifanye mzazi, achungulie wanafundishaje. Alivuka saa tatu, akarudi saa tano na vumbi la chaki mikononi. Kumbe alikuta darasa la watoto arobaini halina mwalimu, wanarushiana vifutio, uvumilivu ukamshinda. Akaingia akawafundisha mpaka kengele ikalia. Mkurugenzi alipomuuliza ameona nini, alimjibu kwamba watoto wa kule hawajui kugawanya sehemu kwa sehemu, sawasawa na wa kwetu. Hakusemeshwa wiki nzima. Wenzetu wa ng'ambo wameomba viti vinne kwenye sherehe ya leo, na wamepewa.

Lakini tusidanganyane. Kwa watoto, ushindani huu haukuwa kichekesho. Kila Jumamosi palikuwa na jaribio, na kila Jumatatu saa kumi jioni orodha ilibandikwa ukutani koridoni, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwa majina kamili. Ishirini na nne wa juu waliketi Chumba cha Kwanza, chenye feni. Wa mwisho waliketi Chumba cha Nne, karibu na choo. Wazazi waliipiga picha orodha kwa simu wakaituma kwa mashangazi na wajomba kabla mtoto hajamaliza kushuka ngazi. Mama wa usafi aliweka ndoo kwenye kona ya ngazi kila Jumatatu, kwa ajili ya watoto waliotapika wakisubiri. Jumatatu ya Jaribio Kuu aliweka ndoo mbili.

Jaribio Kuu lilikuwa na uzito wake. Ile sekondari ya bweni ambayo kila mzazi anaililia ilikuwa ikikipa kila kituo fomu ishirini na nne za usaili, basi. Ishirini na nne wetu wa juu ndio waliopewa fomu hizo, na zilitakiwa ziwe zimerudishwa na majina Ijumaa ya wiki ile ile ya matokeo, kabla ya saa sita mchana. Mwaka ninaousema watoto walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Mkuu wa idara ya hesabu alikuwa Bi Hatua.

Swali la ishirini na mbili lilihusu tangi la maji. Bomba moja hulijaza kwa saa sita, jingine hulimwaga lote kwa saa kumi na mbili. Yakifunguliwa yote mawili pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi? Jibu ni saa kumi na mbili. Siku mbili kabla ya jaribio, mwalimu aliyelitunga aligundua kwamba swali hilo hilo, kwa tarakimu hizo hizo, limo kwenye kijitabu cha mazoezi cha wenzetu wa ng'ambo. Akaingiwa na hofu kwamba tutaonekana wezi. Akabadilisha harakaharaka: bomba la pili likawa linamwaga kwa saa nane. Hapo jibu linakuwa saa ishirini na nne. Karatasi ya maswali ilirekebishwa. Mwongozo wa kusahihisha ukasahauliwa, ukabaki na saa kumi na mbili.

Mwalimu huyo ni mimi. Nilikuwa na miezi miwili kazini, ajira yangu haijathibitishwa, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siyasemi haya kujitetea. Nayasema ili mjue woga wangu ulikaa wapi.

Kwa desturi yetu, kila msahihishaji hupewa swali lake na kulisahihisha kwenye karatasi zote, ili mkono uwe mmoja. Swali langu liliwaangukia wasahihishaji wawili wa kukodi, nao waliufuata mwongozo kama walivyoagizwa. Mtoto aliyepiga hesabu vizuri akapata ishirini na nne alikatwa alama zote tano. Mtoto aliyekariri kijitabu cha ng'ambo, akaandika kumi na mbili bila hata kusoma swali, alipewa zote tano. Na alama tano kwetu ni mlima, watoto wanapishana kwa nusu alama. Orodha ilipobandikwa, waliofikiri walikuwa wameshuka na waliokariri wamepanda, na sisi walimu tukawapigia makofi.

Jumatano saa nne asubuhi alikuja mama mmoja mshonaji, utepe wa kupimia ungali shingoni. Binti yake, aliyezoea nafasi ya tatu au ya nne, alikuwa wa thelathini na moja. Hakuja kulalamika. Alimletea Bi Hatua karatasi ya mtoto, akamuuliza mwanawe amezembea wapi, ili ajue amwadhibu kwa lipi. Maana tangu Jumatatu binti amekataa kula, na kila akiulizwa anarudia neno moja tu, kwamba alipata. Bi Hatua aliipokea karatasi akiwa amesimama koridoni, akaipitia, akafika swali la ishirini na mbili, akalipiga kwa penseli pale pale ukutani. Akapata ishirini na nne. Akalipiga tena. Kisha akamwomba yule mama akae, akamletea maji kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mtoto asiguswe.

Akaingia chumba cha walimu na mwongozo mkononi, akauliza ni nani aliyeandika ukurasa ule. Tulikuwa saba. Nilijua ninachopaswa kusema, ni maneno mawili tu, na ulimi ukagoma. Nikatazama meza. Bi Hatua alitutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi, akakaa kwangu kidogo, akanipita. Kisha akatoka kwenda kwa mkurugenzi. Mlango wa ofisi ile ni wa mbao nyembamba, kila neno lilitufikia. Alisema kosa ni lake.

Mkurugenzi alitaka yaishie humo humo. Usajili wa muhula mpya ulikuwa unafungwa wiki hiyo, na ng'ambo walikuwa wanatuombea tujikwae. Akapendekeza binti wa mshonaji aongezewe alama zake kimya kimya, apewe fomu, yaishe. Bi Hatua alimuuliza ni watoto wangapi wengine walioandika ishirini na nne ambao mama zao hawakuja. Hakuna aliyejua. Ndipo alipomwambia mkurugenzi kwamba karatasi zote zitasahihishwa upya, na kama hataki zisahihishwe ofisini, atazisahihishia barabarani. Alikuwa hatanii, na mkurugenzi alijua.

Tabu ni kwamba karatasi mia moja na arobaini zilikuwa tayari mikononi mwa wazazi. Alhamisi saa kumi jioni, ngazi zikiwa zimejaa watu, Bi Hatua alipanda juu ya benchi la koridoni. Akawaeleza kwamba jibu letu la swali la ishirini na mbili lilikuwa baya, waliopata wamenyimwa na waliokosa wamezawadiwa, kosa ni lake yeye mkuu wa idara, na anaomba karatasi zote zirudi. Pakawaka. Baba mmoja, ambaye mwanawe alikuwa wa tisa na kwenye karatasi ameandika kumi na mbili, alimuuliza cheti chake alikinunua sokoni au alikiokota. Mama mwingine alipaza sauti kwamba tumekula ada zao bure. Wengine waliapa kuvuka barabara jioni ile ile, na walivuka kweli. Bi Hatua hakujibu tusi hata moja. Alinyoosha mkono tu, akipokea karatasi.

Mimi nilisimama nyuma yake, nikizipanga kwa namba. Watu waliniona mwalimu mwema anayemsaidia mkubwa wake aliyepatwa na balaa. Mzazi mmoja alinipa hongera kwa utulivu wangu. Jamani, nilitamani sakafu ipasuke, na bado sikufungua mdomo.

Karatasi sita hazikurudi kabisa. Watoto hao sita aliwaita Ijumaa asubuhi, mmoja mmoja, walipige swali mbele yake. Saa tano na dakika arobaini orodha mpya ilikuwa tayari: watoto kumi na mmoja wameingia kwenye ishirini na nne, kumi na mmoja wametoka. Fomu alizipeleka mwenyewe, nusu akitembea nusu akikimbia na viatu vyake vya kisigino, akazifikisha dakika tano kabla ya saa sita. Karani aliyezipokea alimuuliza kama anaumwa.

Binti wa mshonaji alikuwa wa tatu. Jumamosi mama yake alikuja naye, na mbele ya Bi Hatua akamwomba mwanawe radhi. Sijaona mara nyingi mtu mzima akimwomba mtoto wake radhi. Yule binti aliinama akaushika utepe wa mama yake akawa anaukunja na kuukunjua. Baadaye kwenye usaili hakuchaguliwa, akasoma sekondari ya kawaida karibu na kwao, na leo ni mpima viwanja. Tumemwalika.

Mwezi uliofuata Bi Hatua alivuliwa ukuu wa idara akahamishiwa Chumba cha Nne. Barua ilisema sababu ni uzembe, nayo imo kwenye faili lake mpaka leo. Miaka minne baadaye cheo hicho nilipewa mimi. Nilikipokea, nikashukuru, nikanunua suti.

Walimu wengine wakipelekwa Chumba cha Nne huona wamezikwa. Bi Hatua alikifanya chumba ambacho watoto wa vyumba vingine walitoroka kwenda kusikiliza dirishani. Alianzisha kitu alichokiita Kosa la Siku. Kila asubuhi mtoto mmoja huja ubaoni na jibu alilolikosa, akaeleza alivyofikiri mpaka akapotea, na wenzake wanatafuta hatua iliyoharibika. Hakuna kuchekana. Anayecheka, kesho zamu yake. Watoto waliokuwa wanaficha daftari chini ya dawati wakaanza kugombania kosa la nani limenoga zaidi.

Yeye pia ndiye aliyetuletea utaratibu wa mtatuzi wa pili: hakuna mwongozo unaotoka kabla mwalimu mwingine hajayapiga maswali yote upya bila kuona majibu. Tulilalamika kwamba anatuongezea kazi. Katika miaka kumi na miwili utaratibu huo umenasa makosa arobaini na matatu, manane yakiwa yangu. Na miaka sita iliyopita, baada ya vikao ambavyo sitaki kuvikumbuka, alifanikiwa kuiondoa orodha ya Jumatatu ukutani. Siku hizi kila mtoto hupewa matokeo yake ndani ya bahasha. Mama wa usafi alirudisha ndoo stoo, akaja kumpa Bi Hatua mkono.

Niliwahi kujaribu kumwambia, mara moja tu, mwanangu alipotimiza mwaka. Hakuniacha nimalize. Alisema alijua tangu siku ile, kwa sababu tarakimu ya nne mimi huiandika na mkia, na ukurasa mzima ulikuwa na nne za mkia. Akasema sahihi iliyo chini ya mwongozo ni yake, aliuidhinisha bila kuyapiga maswali, kwa hiyo hakudanganya mtu. Kisha akanisukumia rundo la karatasi nimsaidie kusahihisha. Maneno yale nimeyalalia kama mto miaka yote hii. Ni kweli alisaini. Lakini kukosea ni jambo moja, na kukaa kimya mwenzako akitukanwa juu ya benchi ni jambo jingine, na hilo la pili hakunisaidia mtu. Mficha uchi hazai, husema wahenga. Mimi nilificha, nikapandishwa cheo.

Kinachonimaliza zaidi ni hiki. Asubuhi ya kwanza ya kila muhula, Kosa la Siku hulifungua Bi Hatua mwenyewe. Huandika ubaoni swali la tangi, huandika jibu la saa kumi na mbili, kisha huwaeleza watoto kwamba hili ndilo kosa lake, liliwaumiza watoto kama wao, wamwonyeshe lilipoharibikia. Ofisi ya mkuu wa idara imepakana na Chumba cha Nne, na ukuta ni wa mbao. Nimekaa ofisi hiyo miaka tisa, mihula mitatu kwa mwaka. Mara ishirini na saba nimemsikia akiwaambia watoto wa watu kwamba kosa langu ni lake, na mara ishirini na saba nimeinamia makaratasi yangu.

Mkurugenzi anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi. Mezani kwake kuna barua zangu mbili. Ya kwanza ni ya kuacha ukuu wa idara. Ya pili inaomba ile barua ya uzembe itolewe kwenye faili la Bi Hatua iwekwe kwenye langu. Akinifukuza, ana haki. Akinibakiza, nimeomba Chumba cha Nne, maana tangu tangazo la kustaafu lilipotoka hakuna mwalimu aliyejitokeza kukitaka, na watoto wale wameanza kuuliza wanaachiwa nani.

Bi Hatua, kituo kizima kinakushukuru: walimu, watoto, mama wa usafi, mwenye duka wa chini, na wenzetu wa ng'ambo walioketi safu ya tatu wakijifanya hawakujui. Miaka ishirini na tisa hukuwa na Jumamosi yako mwenyewe. Mumeo, fundi saa, ametuambia ameshaizima ile saa ya kengele ya chumbani, na kwamba ukiitengeneza kwa siri atajua. Tunakutakia Jumamosi ndefu, nyingi, za kuamka jua limepanda, na afya ya kuzifurahia.

Nami nina ombi moja. Nakujua. Mshereheshaji akifika hapa utakuwa umeanza kuinuka kitini, unataka kuwaambia watu kwamba sahihi ilikuwa yako. Tafadhali, mwalimu wangu, usisimame. Kaa na mumeo, uwaache watu wanitazame mimi.